Mdondo wa Kuku: Kuku Mgeni Hakosi Kamba Mguuni

Wasomaji wetu walio mashambani wajua ya kwamba katika nyumba nyingi kuku ndiye mfuko wa fedha wa mama mwenye nyumba. Akitaka chumvi, huuza mayai. Mtoto akitakiwa madaftari shuleni, jogoo hukamatwa. Mgeni akibisha hodi, hachinjiwi ng'ombe, huchinjiwa kuku. Ng'ombe akifa, ukoo mzima husikitika. Kuku akifa, hutupwa jalalani na habari yake ikaisha. Walakini ugonjwa uwezao kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa muda wa majuma mawili si jambo dogo. Ugonjwa huo ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Leo twataka kueleza asili yake, jinsi uneavyo, kazi waliyoifanya wataalamu juu yake, na mambo yawapasayo wenye kuku.

Asili ya ugonjwa

Mwaka 1926 wafugaji wa mahali pawili palipo mbali sana waliona kuku wao wakifa kwa wingi: katika kisiwa cha Java, na karibu na mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza. Mganga wa wanyama aliyeitwa Doyle aliuchunguza ugonjwa huo Uingereza, akaandika habari zake mwaka 1927. Watu walidhani kwamba ni tauni ya kuku iliyojulikana tangu zamani. Doyle alionyesha ya kuwa sivyo, maana kuku aliyekingika na ugonjwa mmoja hakukingika na wa pili. Akaupa jina la mji ule, akisema ni la muda tu. Nalo limedumu hata leo katika vitabu vya waganga. Mwaka 1935 ugonjwa ukatambuliwa Kenya, na tangu miaka ile umekuwa adui wa kuku katika Afrika Mashariki yote.

Wauletao ni vijidudu vya aina ya virusi, vidogo mno hata darubini ya kawaida haiwezi kuvionyesha. Kwa hiyo wale wanaowanywesha kuku vidonge vya watu, au maji ya pilipili, au majivu, hupoteza fedha na wakati wao. Kuku akiisha shikwa na mdondo hakuna dawa ya kumponya. Ipo dawa ya kumkinga tu, nayo ni lazima itangulie ugonjwa.

Dalili zake

Kuku aliyeambukizwa huweza kukaa siku mbili hata kumi na tano kabla ya kuonyesha dalili. Mara nyingi ni siku tano au sita. Kisha hujikunyata, mbawa zikalegea, akasinzia hali jua limewaka. Hukohoa na kupumua kwa kinywa wazi. Huharisha, na kinyesi chake mara nyingi huwa cha kijani. Wengine hupinda shingo hata kichwa kikatazama mgongoni, au hupooza miguu na mbawa. Matetea huacha kutaga, au hutaga mayai yenye ganda laini. Katika kundi lisilochanjwa, kuku tisa katika kumi huweza kufa, na pengine wote. Bata huweza kuwa na vijidudu hivi bila kuonekana wagonjwa, nao wakawaambukiza kuku.

Jinsi uneavyo

Vijidudu hutoka katika pumzi, makamasi na kinyesi cha kuku mgonjwa. Husafiri kwa tenga, kwa viatu, kwa magurudumu ya baiskeli, kwa mikono ya mchuuzi, na kwa manyoya na matumbo yatupwayo baada ya kuchinja. Lakini njia iliyo kubwa kuliko zote ni kuku mwenyewe anunuliwaye gulioni na kuletwa nyumbani.

Mwandishi wa habari hii hasemi hivi kama mtu asiye na kosa. Mwaka mmoja, siku chache kabla ya Krismasi, nalinunua jogoo gulioni kwa bei rahisi, nikampeleka kwa mama yangu. Njiani alisinzia, nami nikadhani ni kwa sababu ya jua kali. Tulipofika nalimfungua uani katikati ya kuku wa mama. Siku ya tatu alikufa. Kabla majuma mawili hayajatimia, kuku ishirini na tatu walikuwa wamekufa, akasalia koo mmoja. Mama hakunigombeza, aliniuliza neno moja tu: "Mwanangu, wewe umesoma, mbona hukuuliza kwa nini jogoo mzuri namna hii anauzwa rahisi?"

Hayo yalikuwa yetu. Lakini kuku wetu walikuwa wakichakura pamoja na kuku wa mjane jirani yetu, nao wake wakafa wote. Kuku hao ndio aliokuwa akiwatunza ili auze na kumnunulia mtoto sare ya shule mwezi wa Januari. Mama yule alidhani ni mkono wa mtu mbaya, naye akaanza kumshuku mke wa ndugu yake. Siku zile sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mtu huyo ni mimi, tena bila uchawi wo wote. Nalikwenda kumwambia baadaye, nikampelekea matetea wawili. Lakini maneno yaliyokwisha kusemwa kati yake na shemeji yake, hayo sikuweza kuyarudisha. Ndipo nikafahamu ya kuwa mdondo huua kuku, na ujinga juu ya mdondo huua ujirani.

Wazee wetu husema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Mimi kamba ile nalimkata mapema mno.

Mfano wa sotoka

Huenda msomaji akauliza: Je, ugonjwa kama huu waweza kushindwa kweli? Na atazame habari ya sotoka ya ng'ombe. Tauni hiyo iliingia kaskazini-mashariki ya Afrika mwaka 1887, ikashuka kusini, ikamaliza ng'ombe wa Wamasai na makabila mengine mengi, na mwaka 1897 ilikuwa imefika Rasi ya Tumaini Jema. Watu wengi sana walikufa kwa njaa nyuma yake. Miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, mtaalamu Walter Plowright na wenzake, katika maabara ya Muguga nchini Kenya, walivikuza virusi vya sotoka katika chembe za figo za ndama, wakavihamisha kutoka chombo hata chombo karibu mara 90, hata vikapoteza nguvu ya kuua na kubakiza nguvu ya kukinga. Ng'ombe aliyechanjwa mara moja alikingika maisha yake yote. Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999. Mara ya mwisho sotoka ilionekana mwaka 2001, katika nyati wa Kenya. Na mwaka 2011 ilitangazwa ya kuwa imekwisha duniani.

Mbona basi mdondo haujakwisha? Sababu zake ni wazi. Ng'ombe huishi miaka mingi na huzaa ndama mmoja mmoja. Lakini vifaranga huanguliwa kila wakati, nao huja duniani bila kinga ya kudumu. Tena vijidudu vya mdondo huweza kukaa katika ndege wa mwituni, ambao hakuna awezaye kuwakusanya. Na kwa miaka mingi dawa za kuchanja kuku zilihitaji barafu kutoka kiwandani hata shambani, wala mama mwenye kuku kumi hana jokofu.

Dawa istahimiliyo joto

Shida hiyo ya barafu ilishughulikiwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakiongozwa na Peter Spradbrow. Katika nchi ile viligunduliwa virusi vya jamii ya mdondo ambavyo hukaa katika kuku bila kuwadhuru. Wataalamu walichagua vile vinavyostahimili joto, wakapata dawa iitwayo I-2, nao wakaitoa mbegu yake bila malipo kwa maabara za nchi zilizoihitaji. Tanzania ni moja ya nchi zilizoitengeneza wenyewe, kwanza katika maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam.

Dawa hii hutiwa tone moja tu katika jicho moja la kuku. Haihitaji sindano, na mtu aliyefundishwa vizuri kijijini aweza kuifanya kazi hiyo. Kustahimili joto hakuna maana ya kwamba yaweza kuachwa juani. Yafaa ihifadhiwe mahali pa baridi, na safarini ifungwe katika kitambaa kilicholowa maji na kuwekwa kivulini.

Mambo ya kushika

1. Chanja kuku wote, wakubwa kwa wadogo, hata kifaranga wa siku moja. Tone ni lile lile moja kwa jogoo na kwa kifaranga.

2. Rudia kila miezi minne. Kinga ya I-2 si ya maisha kama ile ya sotoka.

3. Chanja kabla ya majira ambayo mdondo huja kwenu, walau mwezi mmoja mbele. Kinga huhitaji kama majuma mawili kujengeka. Kuku achanjwaye leo naye ameambukizwa jana, atakufa, usiilaumu dawa.

4. Patana na jirani zako mchanje siku moja. Chupa moja ina matone mengi kuliko kuku wa nyumba moja, na gharama ikigawanywa huwa ndogo sana. Tena ua uliochanjwa peke yake ni kama shamba lenye boma upande mmoja.

5. Kuku mgeni akae peke yake siku kumi na nne, na chombo chake cha maji kiwe mbali.

6. Ugonjwa ukiingia, usiuze, usimpe mtu zawadi, wala usihamishe kuku. Waliokufa wazikwe chini sana au wachomwe moto, pamoja na manyoya na matumbo. Osha mikono baada ya kuwashika, maana vijidudu hivi huweza kuwasha macho ya mtu kwa siku chache. Kisha mpashe habari mtaalamu wa mifugo aliye karibu.

Neno hili la sita ni gumu kuliko yote, nasi twalijua. Mtu aonaye kuku wake wa kwanza amelegea hujiambia, "Na niwauze hawa waliosalia kabla hawajafa." Fedha hiyo aipata kweli, lakini mahali fulani, katika ua asioujua, kuna mjane na mtoto wake. Na siku nyingine mnunuzi wa gulioni atakuwa yeye, na tenga litakuwa la mwenzake.

Basi, msomaji, ukiisha kusoma gazeti hili, msomee na mama yako ambaye kuku ni wake. Tone moja la dawa halilingani na thamani ya yai moja kwa kuku mzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.