Bustani za Newport na Jasho Lililofichwa

Katika jimbo dogo la Rhode Island, huko Marekani, uko mji wa bandari uitwao Newport. Katika karne ya 19 matajiri wa Marekani waliuchagua uwe mahali pao pa kupumzikia wakati wa joto, wakajenga majumba ya fahari yaliyoielekea bahari, nao wakayaita "vibanda". Kibanda kimoja, The Breakers, kilichojengwa kati ya mwaka 1893 na 1895 kwa ajili ya Cornelius Vanderbilt wa Pili, mwenye mali ya reli, kina vyumba 70. Kingine, Marble House, kilimalizika mwaka 1892, na yasemwa kwamba kiligharimu dola milioni 11, ambazo milioni 7 katika hizo zilikwenda kwenye marumaru peke yake. Msomaji na apime mwenyewe ni vibanda vya namna gani hivyo.

Hatuandiki haya ili kuwaonea wivu marehemu. Twaandika kwa sababu majumba hayo leo yamehifadhiwa, na watu wa kila namna huingia kuyatazama. Yafaa basi wajue wanatazama nini. Uzuri wa bustani zile, kwa sehemu kubwa, ni ufundi wa kuficha.

Tuchukue jumba la The Elms, lililomalizika mwaka 1901 kwa ajili ya Edward Berwind, mfanya biashara ya makaa ya mawe. Mgeni aliona majani yaliyokatwa sawasawa, miti mikubwa ya kivuli, na sanamu zilizopangwa kwa kipimo. Hakuona makaa ya kulipasha moto jumba hilo, maana yaliletwa kwa kigari katika njia iliyochimbwa chini ya ardhi, kutoka barabara ya kando. Hakuona mlango wa watumishi, maana ulifunikwa kwa mimea itambaayo. Wala hakujua kwamba juu ya kichwa chake walilala watu, kwa kuwa vyumba vyao viliwekwa nyuma ya ukuta mfupi wa paa. Watumishi hao walikuwa kama 40. Bila mikono yao taa isingewaka wala ua lisingechanua, lakini mambo yalipangwa wasionekane.

Tabia hiyo haikuanza na matajiri wa reli na makaa. Katika karne ya 18 Newport ilikuwa miongoni mwa bandari kuu za biashara ya watumwa katika makoloni ya Waingereza huko Amerika ya Kaskazini. Merikebu zake zilichukua pombe kali ya miwa hadi Afrika ya Magharibi, zikaibadili kwa wanadamu. Hata Kingscote, mojawapo ya nyumba za kwanza za mapumziko mjini humo, ilijengwa kati ya mwaka 1839 na 1841 kwa ajili ya George Noble Jones, mwenye mashamba ya watumwa huko Florida.

Lakini yako mambo mawili yaliyokataa kufichwa.

La kwanza ni njia. Mwaka 1663 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza aliwapa watu wa Rhode Island hati iliyolinda uhuru wao wa kuvua samaki, na katiba ya jimbo yalinda mpaka leo haki ya watu wote kupita ufukoni, kuvua, kuogelea na kuokota mwani. Kati ya bustani za matajiri na bahari hupita njia ya miguu iitwayo Cliff Walk, yenye urefu wa kilometa tano na nusu hivi. Wenye majumba waliweza kuinua kuta na kupanda miti iwakinge na macho ya wapitaji. Penye Marble House njia imepitishwa chini ya nyumba ndogo ya chai ya mtindo wa Kichina. Kuifunga hawakuweza. Bustani ilikuwa yao. Pwani ilikuwa ya watu.

La pili ni jiwe. Katika makaburi ya Waafrika mjini humo liko jiwe la kaburi la Cuffe Gibbs, aliyefariki mwaka 1768. Aliyelichonga ni ndugu yake, Pompe Stevens, mtumwa katika karakana ya wachonga mawe. Naye, pamoja na jina la marehemu, alichonga wazi kwamba kazi ile ni yake. Katika mji wa kuficha wafanya kazi, mtumwa alitia sahihi.

Mwaka 1962 The Elms ilikuwa karibu kubomolewa, chama cha kuhifadhi majumba cha Newport kikainunua kwa dola 116,000. Twakisifu. Na zaidi twakisifu kwa kuwa leo wageni huteremshwa hadi kwenye njia ya makaa na kupandishwa hadi vyumba vya watumishi. Anayehifadhi jumba akamsahau aliyelibeba amehifadhi nusu yake tu.