Usikubali data ifutwe kabla ya kujaribu amri hizi tatu

TARAKILISHI inapoanza kukwama au kuonyesha ujumbe wa hitilafu kila inapowashwa, mafundi wengi hutoa tiba moja tu: kufuta diski nzima na kuweka mfumo upya. Tiba hiyo huiponya mashine, lakini aghalabu huondoka na hesabu za duka, picha za familia na tasnifu ya mwanafunzi asiyekuwa na nakala nyingine.

Ilhali mfumo wa Windows huja na zana zake za kujikarabati, ambazo hutumiwa kwa kuandika amri na hazitozwi hata senti moja.

Maradhi yenyewe huwa na vyanzo vikuu viwili. Umeme ukikatika ghafla au virusi vikipenya, faili za mfumo huweza kuharibika. Pengine ni diski yenyewe inayochakaa.

Kabla ya lolote lile, nakili kazi zako kwenye diski ya nje. Usiipuuze hatua hii, kwani diski iliyo mahututi yaweza kukata roho ikikaguliwa.

Kisha andika cmd katika sehemu ya kutafutia, ubofye jina litakalojitokeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na uchague 'Run as administrator'. Dirisha jeusi litafunguka. Baada ya kuandika kila amri, bonyeza Enter na usubiri ikamilike.

Kwa walio na Windows 10 au 11, amri ya kwanza ni:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Amri hii hukarabati ghala ambamo mfumo huweka nakala safi za faili zake. Kwa kawaida huagiza nakala hizo kutoka Microsoft, hivyo basi sharti mashine iwe imeunganishwa na intaneti.

Ya pili ni:

sfc /scannow

Hii hukagua faili za mfumo na kubadilisha zilizoharibika kwa zile zilizo ghalani. Ndiyo maana ghala hutangulia kukarabatiwa: likiwa bovu, amri hii haina pa kutoa dawa.

Tatizo likisalia, andika:

chkdsk C: /f

Hii hurekebisha kasoro katika mpangilio wa faili diskini. Kwa kuwa diski hiyo inatumika, utaulizwa iwapo ukaguzi ungoje hadi mashine itakapowashwa tena. Jibu Y, uiwashe upya, na usiizime kabla ya kazi kwisha.

Hata hivyo, amri hizi haziui virusi wala hazifufui diski iliyokufa. Ukisikia diski ikigongagonga, zima mashine mara moja na umwombe fundi aokoe data kwanza.

Akisisitiza kufuta kila kitu, muulize maswali mawili: je, amejaribu amri hizi, na je, kazi zako zimenakiliwa wapi? Asipokuwa na jibu la swali la pili, usimruhusu aendelee.