Ugonjwa wa akili na akiba ya NSSF: usiende mikono mitupu

KAMPALA – Mguu uliokatika haumhitaji mwenyewe aueleze. Ugonjwa wa akili ni tofauti. Siku ya kuonana na madaktari, mgonjwa huenda amenyoa, amevaa shati safi na anajibu kila swali vizuri, kwa sababu dawa zinafanya kazi yake. Anayemtazama kwa nusu saa haoni ile miezi miwili aliyofunga kibanda.

Suala hili linawagusa wafanyabiashara wa mipakani kuliko tunavyokiri. Wengi walianza kama waajiriwa viwandani au kwenye kampuni za kutoa mizigo, wakakatwa akiba ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), kisha wakaacha kazi na kuanza kuvusha nguo za Owino kupitia Busia. Akiba ile bado ni yao. Mafao ya uzee hulipwa ukifika miaka 55. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yanamruhusu mwanachama mwenye ulemavu aliyefikisha miaka 40, na aliyeweka akiba kwa miaka 10, kuchukua nusu. Lakini mwenye miaka 36 ambaye maradhi yamemwangusha? Mlango wake ni mafao ya kutojiweza.

Sheria ya Mfuko inataja ulemavu wa mwili na wa akili pia. Kikwazo kimo katika neno moja: kudumu. Maradhi ya akili huja na kuondoka, hivyo ni rahisi kuambiwa umepona. Kwa hiyo jina la ugonjwa pekee halitoshi. Daktari wako aandike umeugua tangu lini, umelazwa mara ngapi, dawa zinakufanya nini, na kazi gani huwezi tena kuifanya kwa mfululizo.

Uliyetibiwa pande mbili za mpaka una kazi zaidi. Kadi ya Butabika haielezi ulivyolazwa Eldoret au Mathari, Nairobi. Fuata muhtasari wa matibabu kila hospitali, hata kama nauli inauma.

Kuna ushahidi mwingine ambao wengi hutupa: zile nakala za cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, zinazotumika kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000. Zipange kwa tarehe. Ulikuwa ukivuka kila wiki, halafu miezi mitatu kimya, halafu mara mbili tu, halafu kimya tena. Ukiweka kando yake kitabu cha SACCO na barua ya mwenyekiti wa soko, mapengo yanaonekana bila wewe kuapa.

Nenda na mtu anayekuona nyumbani: mke, mume, dada. Mgonjwa mwenyewe hupunguza makali ya hali yake kwa aibu, nami simlaumu. Lugha ya serikali yenyewe ilichelewa kubadilika. Ni mwaka 2015 tu, katika shauri namba 64 la 2011 lililofunguliwa na shirika la CEHURD na mwenzake, Mahakama ya Katiba ilipoyafuta katika sheria ya jinai maneno ya dharau yenye maana ya punguani na zuzu.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi kabla ya kuondoka, na uandike jina la ofisa na tarehe. Ibara ya 42 ya Katiba inakupa haki ya kutendewa kwa uadilifu na chombo chochote cha utawala, na ya kwenda mahakamani kupinga uamuzi wake. Ukiona umebaguliwa kwa sababu ya ulemavu, Tume ya Fursa Sawa husikiliza malalamiko, na asiyeridhika na uamuzi wake hukata rufaa Mahakama Kuu.

Na kama hali itachafuka asubuhi ya miadi, usijikaze kwenda ili uonekane jasiri. Mtume ndugu yako na barua ya kliniki, aombe siku nyingine.