Gari Dogo la Zamani Laweza Kurudishiwa Sura: Yapi ya Kufanya Mwenyewe na Yapi ya Kumwachia Fundi



Ukisimama Mahoko siku ya soko, kando ya barabara ya lami itokayo Musanze kwenda Gisenyi, utayaona magari madogo ya namna ile ambayo mlango wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo chake. Kuna Toyota Starlet, Volkswagen Golf na Peugeot 205. Mengi yamepita miaka thelathini. Golf lilianza kutengenezwa mwaka 1974, Peugeot 205 mwaka 1983, na Starlet za mwisho zilitoka kiwandani mwaka 1999. Wenyewe hawataki kuyaacha, na wana haki. Ukilaza kiti cha nyuma, gari hilo hubeba magunia ya viazi na karoti, na Jumapili hubeba jamaa nzima. Injini bado ni nzima. Kilichochakaa ni sura: rangi imefifia, taa zimeingia umanjano, bampa zimepauka kama majivu.

Hapo ndipo mwenye gari huambiwa apake rangi upya gari zima, naye hutoa mshahara wa miezi kadhaa kwa kazi ambayo mara nyingi haikuhitajiwa. Wengine hupakiwa rangi nzuri juu ya kutu, na baada ya masika mawili kutu hutoka tena. Makala haya yataeleza kazi ambazo mtu aweza kuzifanya mwenyewe uani, na zile ambazo asiziguse.

Kuosha ndiyo kazi ya kwanza, na huharibu magari mengi kuliko tunavyodhani. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa nta yote iliyokuwa ikilinda rangi. Tumia sabuni ya magari, ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, na uanze juu ya paa ukishuka chini, kwa maana mchanga mwingi uko chini. Sisi tulio karibu na Nyiragongo tuna jambo letu la ziada. Mlima ule ulilipuka mwaka 1977, 2002 na 2021, na hata usipolipuka moshi wake huitia mvua ukali wa asidi. Majivu yakitua juu ya gari usiyapanguse makavu. Chembe zake ni kama vioo vilivyosagwa, nazo hukwaruza rangi. Yamwagie maji mengi kwanza. Wala usilipeleke gari kuoshwa mtoni Sebeya, maana wenzetu wa chini wanayatumia maji hayo.

Gari likiisha kukauka, chukua kitambaa cheupe chenye dawa kidogo ya kung'arishia, usugue mahali pasipoonekana sana. Kitambaa kikishika rangi ya gari, basi rangi yako ni ya tabaka moja, na una bahati: ule weupe unaouona ni ngozi tu iliyokufa kwa jua, na jua la nchi za juu kama yetu ni kali. Sugua pole pole, sehemu ndogo ndogo, na rangi ya chini itatokea. Kitambaa kikibaki cheupe, gari lina tabaka la vanishi juu ya rangi. Hilo nalo hung'arishwa, lakini kama vanishi imeanza kubanduka kama ngozi ya kitunguu, hakuna dawa ya kusugua itakayoirudisha. Jihadhari na kingo za milango na boneti, kwani hapo rangi ni nyembamba na chuma hutokea upesi. Ukiisha, paka nta.

Taa za mbele za magari ya zamani zaidi ni za kioo. Hizo hazihitaji zaidi ya kuoshwa, na umanjano ukiwa ndani, tatizo ni kioo cha ndani kinachorudisha mwanga, ambacho hubadilishwa. Zile za plastiki ndizo zinazoungua kwa jua. Funika rangi inayozizunguka kwa karatasi ya gundi, kisha tumia msasa wa maji, namba 800 kwanza, halafu 1200, halafu 2000, na umalize kwa dawa ya kung'arishia. Watu husema dawa ya meno yatosha. Yafaa kwa wiki chache. Kwa kweli hata kazi ya msasa haidumu usipopuliza juu yake vanishi safi inayozuia jua. Kazi hii si ya urembo tu: anayeteremka kuelekea Gisenyi usiku wenye ukungu aijua thamani ya taa. Kwa sababu hiyo hiyo siwaelewi vijana wanaozipaka taa rangi nyeusi.

Bampa na mapambo ya plastiki nyeusi yaliyopauka hupakwa na wengi oili chafu ya injini. Hung'aa siku mbili, kisha hukusanya vumbi lote la njia, na oili huila mipira ya milango na madirisha. Isitoshe, oili iliyotumika ina vitu vya kuleta saratani ya ngozi. Osha plastiki, iparuze kidogo kwa msasa laini, kisha ipake rangi ya plastiki juu ya dawa yake ya kushikizia.

Ndani ya gari, toa viti. Mara nyingi ni boliti nne tu. Ndipo utakapoona zulia lilivyo. Likiwa na maji, usilirudishe kabla ya kujua maji yameingilia wapi, kwani sakafu huoza kutoka ndani.

Sasa tuingie kwenye kutu, na hapa naomba ndugu msomaji asome taratibu. Magari haya hayana chasi ya pekee kama lori. Bodi lenyewe ndilo linalobeba mzigo, na nguvu yake kubwa iko katika boriti za chuma zenye uwazi ndani, zilizo chini ya milango, na pale juu zinaposhikilia springi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, Sebeya ilipofurika na nchi yetu ikapoteza watu zaidi ya 130, magari yaliyosimama ndani ya maji yaliingiwa na tope katika boriti hizo. Tope hushika unyevu. Tafuta vitundu vya kutolea maji chini ya boriti, vizibue kwa waya, upitishe maji safi mpaka yatoke meupe.

Kisha gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya karatasi. Kutu ya juu juu kwenye mlango au boneti waweza kuiondoa mwenyewe: kwangua mpaka chuma cheupe, paka dawa ya kutu, paka rangi ya msingi, ndipo upake rangi. Mbonyeo mdogo hujazwa kwa ule ujiuji mzito wa mafundi, mastiki, usiozidi milimita chache. Usiusugue kwa msasa wa maji kabla ya kuufunika, kwa sababu hunyonya maji kama sifongo na kuyapeleka kwenye chuma. Lakini boriti iliyotoboka haijazwi mastiki, wala magazeti na mastiki kama nilivyokwisha kuona. Hukatwa ikaungwa chuma kipya na fundi mwenye mashine ya kulehemu. Gari lililofunikwa namna ile laweza kumdanganya mnunuzi, pengine na mkaguzi, lakini likigongwa ubavuni mlango utaingia mpaka kwa abiria.

Kuhusu magurudumu: wengi hupenda kuyapaka rangi ya fedha, pamoja na ngoma za breki. Ni pambo rahisi na la kupendeza. Ila lile vumbi jeusi ndani ya ngoma usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Breki za magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huua mapafu baada ya miaka mingi. Lifute kwa kitambaa kilicholowa, ukitupe ndani ya mfuko uliofungwa. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 162 juu ya jambo hili mwaka 1986, na mapema zaidi, mwaka 1921, Mkataba namba 13 juu ya rangi nyeupe ya risasi kwa wapaka rangi. Rangi za kale, hasa nyekundu na za manjano, huenda zina risasi, hivyo zisugue zikiwa na maji, watoto wakiwa mbali.

Na kupuliza rangi? Kopo dogo la kupuliza latosha kwa mlango au kioo cha pembeni. Rangi ya kuchanganya na kigumishi usiiguse nyumbani. Kigumishi hicho kina aisosayaneti, sumu inayoleta pumu, na leso au barakoa ya vumbi haizuii kitu. Kijana anayepuliza rangi hiyo garaji akiwa na leso mdomoni anastahili kifaa cha kupumulia chenye hewa safi, na ni wajibu wa mwajiri kumpa. Ukilipeleka gari lako kwake, uliza.

Ukitaka kubadilisha rangi kabisa, fika kwanza kwa wanaohusika na hati za gari, usije ukapata taabu siku ya ukaguzi wa polisi.

Majira mazuri ni Juni mpaka Agosti, wakati wa kiangazi, asubuhi umande ukiisha kukauka. Puliza matabaka membamba, dakika kumi au kumi na tano kati ya moja na jingine. Rangi mpya isipakwe nta mpaka upite mwezi mmoja, kwani bado inatoa mvuke wake.