Je, Wajua? Umeme wa Kindu na Gridi Janja

Je, wajua kwamba Kindu, mji mkuu wa jimbo la Maniema, haumo kwenye gridi kubwa ya Kongo? Mitambo ya Inga I (1972) na Inga II (1982) ina uwezo wa megawati 1,775 hivi, lakini Inga iko magharibi kabisa, karibu na bahari. Umeme wa Kindu sharti uzalishwe Kindu penyewe au jirani. Kwa miaka mingi mji umetegemea jenereta za mazutu, na mazutu hayo huja kwa treni kutoka kusini, kwa boti au kwa barabara mbovu. Treni ikikwama porini, bei inapanda na taa zinapungua.

Je, wajua kwamba laini ya Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, imepita juu ya vijiji vingi kwa miaka 40 bila kuviwashia hata taa moja? Ilijengwa kwa ajili ya migodi ya shaba ya kusini. Umeme wake ni wa mkondo mnyoofu, hauwezi kushushwa njiani bila kituo cha kuugeuza, na kituo cha namna hiyo ni ghali mno. Ndiyo maana sishauri mtu yeyote wa Kindu akae kungoja waya kutoka mbali.

Je, wajua kwamba Maniema ina maji yake? Kituo cha umeme wa maji cha Lutshurukuru, karibu na Kalima, kilianzishwa kwa ajili ya uchimbaji wa bati.

Je, wajua kwamba mwaka 2020 kampuni ya Nuru iliwasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 mjini Goma, mtaani Ndosho, wenye betri na jenereta ya akiba? Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza kupata mtaji wa dola milioni 40, na Kindu ilitajwa kati ya miji itakayojengewa mitambo, pamoja na Goma na Bunia.

Je, wajua kwamba gridi janja haiongezi hata wati moja? Nguzo ni zilezile, nyaya ni zilezile. Kinachoongezwa ni vipimo na mawasiliano, ili mtandao ujue nani anatumia kiasi gani, wapi pameharibika, na nini kizimwe kwanza umeme ukipungua. Bila mtandao janja, upungufu ukitokea mtaa mzima unazimwa, hospitali na baa kwa pamoja. Mita janja zikiwepo, friji ya chanjo inabaki inaunguruma na pasi za nyumbani zinasubiri.

Je, wajua kinachotokea kwenye mtandao mdogo wa jua saa 6 mchana, betri zikiwa zimejaa na jua linawaka? Umeme hauna pa kwenda. Hapo inveta ya betri, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa nyumbani, hupandisha frikwensi kidogo, kutoka hezi 50 hadi 51 au 52. Inveta za paneli hulihisi badiliko hilo kwenye waya uleule wa umeme, na kila moja hupunguza uzalishaji wake taratibu. Hakuna simu iliyopigwa wala intaneti iliyotumika. Kwangu mimi huu ndio ujanja wa thamani kubwa kuliko wote, kwa sababu hauhitaji mnara wa simu ulio hai ili ufanye kazi.

Na kinu cha muhogo je? Mota yake inapoanza kuzunguka hunyonya mkondo mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida, kwa sekunde chache tu. Kwenye gridi ya nchi nzima hakuna anayehisi. Kwenye mtandao wa mji mmoja, vinu 3 vikianza kwa mpigo taa za jirani hufifia, na inveta iliyozidiwa inaweza kujizima na kuacha mtaa wote gizani. Dawa ipo: kifaa cha kuwashia mota polepole, na bei nafuu ya mchana ili wenye vinu wasage jua likiwa juu. Kindu iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, jua huzama mapema jioni mwaka mzima, na saa ile ile paneli zinapolala ndipo nyumba zote huwasha taa. Muhogo uliosagwa saa 8 mchana ni betri iliyookolewa kwa ajili ya saa 2 usiku.

Je, wajua kwamba Kabare, katika Kivu Kusini, ni ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela? Utafiti wa setilaiti uliotolewa mwaka 2016 ulihesabu hapo Kabare miale 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Maniema ni jirani wa mlango kwa mlango. Mita ya zamani yenye sahani inayozunguka ilivumilia mengi. Mita janja ina bodi laini ya elektroniki. Anayenunua mita 10,000 bila kununua kinga radi na bila kufukia nyaya za ardhini ipasavyo anajinunulia takataka.

Je, wajua kwamba tumbili mmoja aliizima Kenya nzima? Tarehe 7 Juni 2016 aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, megawati zaidi ya 180 zikapotea, mashine nyingine zikazidiwa. Giza lilidumu zaidi ya saa 3. Tumbili alipona.

Unguja, kisiwa cha Zanzibar, ilipata makubwa zaidi. Kisiwa kilitegemea kebo moja ya baharini tangu mwaka 1980. Hitilafu ya mwaka 2008 ilikizima karibu mwezi mzima, na ile ya Desemba 2009 ikakiweka gizani hadi Machi 2010. Kebo mpya ya megawati 100 ilikuja mwaka 2013. Kindu nayo imegawanywa na mto: komuni za Kasuku na Mikelenge upande mmoja, Alunguli ng'ambo. Ningependa kila upande uwe na betri yake na uweze kusimama peke yake, ili waya wa kuvuka mto ukikatika Alunguli isizimike.

Je, wajua kwamba kompyuta nazo huleta giza? Tarehe 14 Agosti 2003, programu ya tahadhari katika chumba cha udhibiti huko Ohio ilikwama na wahudumu hawakujua. Watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada wakakosa umeme. Tarehe 23 Desemba 2015 wadukuzi waliwazimia umeme wateja 225,000 hivi nchini Ukraine. Mafundi waliingia magarini, wakaenda kwenye vituo na kuwasha swichi kwa mkono, na umeme ukarudi baada ya saa chache. Swichi za mkono zisiondolewe Kindu, na fundi anayejua kuzitumia aajiriwe Kindu, si Kinshasa.

Je, wajua kwamba mita nyingi za malipo ya kabla duniani zilikuwa na siku ya kukwama, tarehe 24 Novemba 2024? Kila tokeni ya tarakimu 20 hubeba hesabu ya dakika tangu mwaka 1993, na nafasi yake ilikuwa ya dakika 16,777,216 tu. Kenya, Uganda na Tanzania ziliwapa wateja namba maalumu za kuingiza kwa vidole, mita kwa mita, kwa kuwa mita hizo hazina mawasiliano. Mita janja hurekebishwa kutoka ofisini.

Je, wajua kwamba lehemu inayoshika vipande vya mita hiyo, kama haina risasi, kwa kawaida ni bati kwa zaidi ya asilimia 95? Kalima inachimba bati hadi leo.

Je, wajua kwamba sheria Na. 14/011 ya Juni 2014 ilifungulia makampuni binafsi sekta ya umeme Kongo na kuweka mamlaka ya udhibiti, ARE? Mita janja huandika kila dakika ya giza. Basi kila anayeuza umeme Kindu, shirika la umeme la taifa SNEL au kampuni binafsi, abandike kila mwezi kwenye ofisi ya kila komuni saa ambazo wateja wake walikosa umeme, mtaa kwa mtaa.