Dhahabu ya Kilwa iko Lisbon: Makavazi sita ya kuzuru ukifika mji huo

Ukipata nafasi ya kufika Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kila mtu atakuambia ufanye mambo mawili. Panda ile tremu ya manjano inayokwea vilima, kisha ule pastel de nata, kale kakeki ka mayai ambako watalii hukapangia foleni mtaani Belém kwenye duka lililofunguliwa 1837. Sawa, fanya yote mawili, nani anakataa? Lakini tenga pia siku mbili za makavazi, au makumbusho ukipenda kuyaita hivyo.

Najua unachowaza. Makavazi ni mambo ya safari ya shule: mnapangwa foleni, mwalimu anawakataza kugusa vitu, kisha mnarudi kwa basi mkiimba. Ya Lisbon ni tofauti kwako kwa sababu moja. Huu ndio mji ambao Vasco da Gama alitoka Julai 1497, akafika Mombasa na Malindi Aprili 1498. Ile nguzo ya Malindi uliyosoma kwenye somo la historia, mwanzo wake uko huku. Hata meza unayolia chakula, kopo unalonywea maji, leso ya nyanya yako na bendera inayopepea shuleni, majina hayo yote tuliyapata kwa Wareno.

Kwa hivyo huendi Lisbon kama mgeni kabisa. Unaenda kusikia upande wa pili wa hadithi ambayo nusu yake tayari unaijua. Na siku hizi vijana wengi wanafika huko: wengine kwa masomo, wengine kwa mkutano wa teknolojia wa Web Summit ambao umekuwa ukifanyika mjini humo tangu 2016. Ukiwa mmoja wao, haya hapa makavazi sita yasiyostahili kukupita.

1. Museu Nacional de Arte Antiga: hapa ndipo dhahabu ilipo

Anza hapa. Haya ni makavazi ya taifa ya sanaa ya kale, na yako kwenye Rua das Janelas Verdes, yaani barabara ya madirisha ya kijani. Yana picha nyingi za wachoraji wakubwa wa Ulaya, lakini usichoke kabla hujafikia chombo kinachoitwa Custódia de Belém.

Ni monstransi, kile chombo ambacho Wakatoliki hutumia kuonyesha Ekaristi wakati wa kuabudu. Kimetengenezwa kwa dhahabu na kupambwa kwa rangi za enameli, na urefu wake unapita sentimita 70. Katikati, mitume 12 wamepiga magoti kwa mviringo. Sonara anayetajwa kukitengeneza ni Gil Vicente, na kilikamilika 1506.

Sasa inama uangalie kitako chake. Kuna maandishi yanayosema kwamba Mfalme Manuel wa Kwanza aliagiza chombo hicho kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa. Quiloa ndiyo Kilwa. Naam, Kilwa Kisiwani, kusini mwa pwani ya Tanzania.

Kilwa ulikuwa mji tajiri wa Waswahili. Dhahabu ilitoka bara, upande wa Zimbabwe, ikapitia bandari ya Sofala, na wafanyabiashara wa Kilwa ndio waliokuwa na usemi. Msafiri maarufu Ibn Battuta aliuzuru 1331 na kuusifia uzuri wake. Kisha 1502 Vasco da Gama akarudi pwani yetu, safari hii akiwa na msafara wa meli zenye mizinga, akamtisha mtawala wa Kilwa mpaka akakubali kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ikafika Lisbon 1503. Miaka miwili baadaye Wareno wengine, wakiongozwa na Francisco de Almeida, waliivamia Kilwa, kisha wakaiteketeza Mombasa.

Hapa ndipo swali linakuwa gumu. Mwaka wa 2021 Ufaransa iliirudishia Benin vitu 26 vilivyoporwa kutoka kasri la wafalme wa Dahomey. Vile vilikuwa vitu vilivyochongwa na Waafrika, kwa hivyo kesi yao ilikuwa rahisi kueleweka. Je, hiki? Ufundi ni wa Mreno, imani ni ya Mreno, lakini mali ni ya Kilwa na ililipwa kwa kutishwa. Ni cha nani? Simama hapo dakika kumi ulifikirie swali hilo kabla ya kutoa simu upige picha.

2. Museu de Marinha: meli iliyoachwa pwani yetu

Panda tremu nambari 15 uende Belém. Utaona jengo refu jeupe lililochongwa kama kitambaa cha kufuma. Hiyo ni monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa sehemu ya kodi ya biashara ya viungo na mali nyingine za ng'ambo. Ile monstransi ya dhahabu iliagizwa kwa ajili ya monasteri hii. Ingia kanisani uone kaburi la Vasco da Gama. Alifia Kochi, India, Desemba 1524, na mabaki yake yaliletwa hapa 1880.

Makavazi ya bahari yako katika upande wa magharibi wa jengo hilohilo. Kuna vielelezo vya meli za kila aina, ramani na vifaa ambavyo mabaharia walitumia kupima jua na nyota. Tafuta sanamu ndogo ya mbao ya malaika Raphael. Ilikuwa kwenye ile safari ya 1497, ndani ya meli iliyoitwa São Rafael.

Meli yenyewe haikurudi. Walipokuwa wakitoka India, mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye, ugonjwa unaoletwa na kukosa matunda na mboga. Waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote, kwa hivyo Januari 1499 wakaichoma São Rafael katika pwani ambayo leo ni ya Tanga. Sanamu ikaokolewa.

Ukiwa humo ndani, jipe kazi moja. Wareno hawakuvuka bahari hadi India peke yao, waliongozwa na rubani waliyempata Malindi. Hesabu ni mara ngapi utaona jina la Vasco da Gama, kisha uhesabu ni mara ngapi utaona habari za huyo rubani.

3. Museu Nacional de Etnologia: Wamakonde ugenini

Kutoka Belém panda mlima kidogo hadi mtaa wa Restelo. Watalii wengi hawafiki huku, kwa hivyo utapumua. Makavazi haya yalianzishwa 1965 chini ya Jorge Dias, mtaalamu aliyefanya utafiti miongoni mwa Wamakonde wa kaskazini mwa Msumbiji na kuandika vitabu kuwahusu.

Wamakonde huhitaji kutambulishwa kwao. Ni walewale waliotembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi 2016 kudai vitambulisho, wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Kwa hivyo unapoangalia kinyago cha Kimakonde katika makavazi ya Lisbon, kumbuka kwamba unaangalia kazi ya watu ambao wajukuu wao unaweza kukutana nao Ukunda.

Kumbuka na tarehe hii pia: Juni 16, 1960. Siku hiyo wanajeshi wa Ureno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda, kitovu cha nchi ya Wamakonde. Ni miaka hiyohiyo ambapo mtaalamu alikuwa akikusanya na kuandika. Serikali ileile iliyotaka kuujua utamaduni wao haikutaka kuwasikia.

4. Museu Nacional do Azulejo: mji uliomezwa na tetemeko

Hapa pumzika kidogo. Kama wewe ni mbunifu wa michoro, mpiga picha au fundi wa mitindo, utatoka na mawazo ya mwaka mzima. Azulejo ni vigae vya rangi ambavyo utaviona kwenye kuta za nyumba kote Lisbon, na neno lenyewe lina asili ya Kiarabu. Makavazi yako katika nyumba ya watawa iliyoanzishwa na Malkia Leonor 1509.

Kivutio kikuu ni mchoro wa vigae wenye urefu wa mita 23 hivi, unaoonyesha Lisbon nzima kando ya mto Tagus karibu na mwaka wa 1700. Mbona ni muhimu? Kwa sababu mji huo haupo tena. Asubuhi ya Novemba 1, 1755, watu wakiwa makanisani kwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko kubwa liliutikisa. Mawimbi ya bahari yakafuata, kisha moto. Mchoro huu ni kama picha ya familia iliyopigwa kabla ya msiba.

5. Museu Benfica: mvulana wa Msumbiji

Mashabiki wa kandanda, zamu yenu. Makavazi ya klabu ya Benfica yalifunguliwa 2013 pembeni mwa uwanja wao, Estádio da Luz. Vikombe vimejaa tele, vikiwemo vya klabu bingwa Ulaya vya 1961 na 1962.

Lakini uliza ni nani aliyewaletea raha hiyo. Eusébio alizaliwa 1942 katika mji ambao leo unaitwa Maputo, Msumbiji ikiwa bado koloni. Katika fainali ya 1962 dhidi ya Real Madrid alifunga mabao mawili, Benfica wakashinda 5-3. Kwenye Kombe la Dunia la 1966 alifunga mabao tisa akiwa na jezi ya Ureno, akaibuka mfungaji bora. Nahodha wa timu hiyo, Mário Coluna, pia alikuwa mzaliwa wa Msumbiji.

Waza kidogo. Wakati dunia nzima inampigia makofi Eusébio, nchi alikozaliwa ilikuwa vitani ikidai uhuru kutoka kwa nchi aliyoichezea. Alifariki 2014, na mwaka uliofuata mwili wake ukahamishiwa Panteão Nacional, jengo wanamozikwa mashujaa wa Ureno. Ni juu ya kilima huko Lisbon, ukipenda kumpa heshima zako.

6. Museu do Aljube: maliza hapa

Karibu na kanisa kuu la Lisbon kuna jengo ambalo ungelipita bila kuligeukia. Aljube lilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa kidikteta ulioanza 1926. Ndani utaona vile vyumba vyembamba ambamo wafungwa walitengwa, utasoma jinsi polisi wa siri walivyowatesa watu, na jinsi magazeti yalivyokaguliwa kabla ya kuchapishwa.

Wareno wenyewe walifungwa humu, na Waafrika waliodai uhuru wa nchi zao pia. Mmoja wao ni Agostinho Neto, daktari na mshairi aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Angola. Vita vya ukombozi vilianza Angola 1961, vikafuata Guinea-Bissau na Msumbiji. Wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam 1962, walipata mafunzo katika kambi za Tanzania.

Mwishowe wanajeshi vijana wa Ureno walichoka na vita hivyo. Aprili 25, 1974 wakaiangusha serikali yao, na raia wakawachomekea maua kwenye mitutu ya bunduki. Mwaka mmoja baadaye Msumbiji ikawa huru. Makavazi yalifunguliwa Aprili 25, 2015. Ukitoka hapo utajua kwamba waliopigania uhuru kule Msumbiji waliwasaidia na Wareno kupata wao.

Kabla hujaondoka nyumbani

Ukiwa na pasipoti ya Kenya utahitaji viza ya Schengen, kwa hivyo anza kuishughulikia mapema. Makavazi mengi ya Lisbon hufungwa Jumatatu, na mengine hufungwa kwa miezi kadhaa ya ukarabati, basi angalia tovuti zao kabla ya kupanga ratiba. Beba kitambulisho cha mwanafunzi na usione haya kuuliza punguzo. Vaa raba, mji huo ni vilima vitupu. Siku ya kwanza fanya Arte Antiga na Belém, ya pili vigae, Benfica na Aljube.

Na kama Lisbon bado ni ndoto, Mombasa si mbali. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, ina vitu vilivyoopolewa baharini kutoka Santo António de Tanná, meli yao iliyozama hapo mbele 1697 ngome ilipokuwa imezingirwa na Waomani. Anzia hapo. Soma vibao vyote, uliza maswali, jua jina la Kilwa na dhahabu yake. Ili siku ukifika Lisbon na ukainamia kile kitako cha dhahabu, usihitaji mtu wa kukuambia Quiloa ni wapi.