Dawa ya Pili Isiachwe

Mama mmoja wa makamo, aliyekwisha koma hedhi, alisumbuliwa mno na joto la ghafla na jasho la usiku. Daktari akampa dawa mbili, estrojeni na projesteroni. Baada ya wiki tatu akaiacha ile ya pili. “Ya kwanza yaniondolea joto,” alisema, “lakini hii yanisinzisha tu shambani.”

Akina mama, hapo pana hatari. Estrojeni hutuliza joto, lakini ikitumika peke yake hunenepesha ngozi ya ndani ya mji wa mimba, na miaka ikipita ngozi ile yaweza kugeuka kansa. Madaktari wa Marekani walionyesha jambo hilo mwaka 1975. Kazi ya projesteroni ni kuizuia ngozi isinenepe. Aliyetolewa mji wa mimba kwa kawaida haihitaji.

Basi ichaguliwe ipi? Iko projesteroni iliyo sawa na ile ya mwilini. Humezwa miligramu 100 kila usiku, au 200 kwa siku 12 za kila mwezi, na kwa njia hii ya pili damu hurudi kama hedhi. Husinzisha kweli, ndiyo sababu humezwa wakati wa kulala. Naye akosaye usingizi hufurahi. Vidonge vingine vina mafuta ya karanga. Anayedhurika na karanga aseme mapema.

Iko pia medroksiprojesteroni. Mwaka 2002, huko Marekani, uchunguzi wa wanawake 16,608 ulikatizwa: katika kila 10,000 waliomeza dawa hiyo pamoja na estrojeni, 38 walipata kansa ya matiti kwa mwaka, wasiomeza, 30. Tofauti ni ndogo, lakini ipo, na madaktari wengi sasa hupendelea ile ya kwanza.

Tena kiko kitanzi chenye levonojestreli, cha miaka mitano. Msishtuke, kwa mama aliyekwisha maliza uzazi, kazi yake hapa ni kuulinda mji wa mimba.

Lakini mafuta ya kupaka ya viazi vikuu, hapana! Kweli, viazi vya mwitu vya Mexico vilitumika kutengeneza projesteroni tangu miaka ya 1940, ila kwa kazi ya mitambo, ambayo mwili hauiwezi.

Yule mama alirudi kwa daktari, akaulizwa kwanza kama ameona damu yo yote, maana damu baada ya kukoma hedhi lazima ipimwe. Hakuona. Sasa humeza kidonge akiisha kuzima taa.